Laini ya Dan

Ujumbe uliingia kwenye laini ya Dan siku ya Alhamisi, sufuria za kuanulia matanga yake zikiwa zimeshaazimwa.

Mama Dan alikuwa uani akichagua mchele. Simu yake ndogo ya kabambe ilikuwa ya laini mbili, ya kwake na ya mwanawe, na ya mwanawe haikuwahi kulia tangu mafuriko. Akafuta mikono kwenye leso. Akasoma kwa sauti, kidole gumba chenye kovu la mundu kikifuata neno kwa neno.

“Ndugu Dan Buya, umesajiliwa Jumanne hii kuwa mwanachama wetu. Karibu chamani.”

Akasoma tena. Kisha akamwita Charity, mke wa Dan, aje asome na yeye, asije akaambiwa ni macho ya uzee.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Mto ulipofurika, Dan alichukua mtumbwi kwenda kumtoa shangazi yake kijijini Kau. Simu na kitambulisho aliviacha nyumbani visilowe. Mtumbwi ulionekana, umejipindua kwenye matete. Dan hakuonekana, hata kiatu.

Asubuhi ile, akiwa ameshika kafi, alimtegea mama yake kitendawili. “Ni changu mimi, lakini mwakitumia nyinyi kuliko mimi.” Jibu Mama Dan alilijua tangu shule ya msingi. Akajifanya ameshindwa, akampa mji, akamwambia achukue Garsen yote. Dan alicheka, akaukataa mji. Alisema jibu atalitoa akirudi. Na ndicho mama alichotaka, kijana awe na sababu ya kurudi.

Tangu hapo sahani yake hupakuliwa kila jioni. Hata chandarua kipya cha buluu, cha mgao wa bure, alikuwa amemchukulia na kumtundikia kitandani juzi, mbu wasimle akija.

“Mtu aliyekufa hasajiliwi Jumanne,” alisema.

Charity aliirudisha simu taratibu. Alisema vyama vya siasa havina haya. Yeye mwenyewe wamemwandika vyama viwili na hajawahi kupewa hata kofia. “Vyama hivi, Mama, hata mbuzi huandikwa, mradi awe na namba.”

Mama Dan alimjibu kwamba mbuzi hana kitambulisho. Akasema matanga yasimame kwanza.

Charity alitazama zile sufuria. Jumamosi angevua nguo nyeusi, na kulikuwa na mtu wa Bura, mkulima wa shamba la mfereji, aliyekwishatuma salamu za posa. Mama Dan mwenyewe ndiye aliyezipokea, akasema mtoto wa watu asizeeke akingoja mto.

Jioni Mama Dan alimwambia Menza wa bodaboda ampeleke Garsen kesho, akamweleza na sababu. Ndilo kosa lake. Kabla ya kulala, kundi la WhatsApp la kijiji lilikuwa limejaa: Dan Buya yu hai, ameonekana kwenye mkutano wa chama huko Bura. Picha ilikuwepo pia, kisogo cha mwanamume katikati ya umati. Mwingine akaongeza kuwa ameoa. Watu wa Mombasa waliokuwa njiani kuja matangani wakateremka wakarudi.

Charity aliitazama ile picha mpaka simu ikazima. “Mama, hiki si kisogo chake.”

“Watu hunenepa, mwanangu.”

Charity akaingia ndani, akaufunga mlango.

Kesho yake walifika ofisi ya chama ya Garsen kwenye joto la saa nne. Chumba kilikuwa kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shamba, meza moja, na konani marobota ya vyandarua vya buluu yamefika kwenye dari. Karani alikuwa kijana mpole. Alimwita mama, akampa kiti.

Mama Dan alitoa kitambulisho cha Dan kwenye kifuko cha shingoni, alimozoea kukibeba kila aendako. Akakiweka mezani. Akaomba jambo moja tu, aambiwe mtu huyu alisajiliwa wapi, ili ajue aanzie wapi kumtafuta.

Karani alisema taarifa za wanachama ni siri. Mama Dan alimwambia siri ya chama ilishaingia mpaka kwenye mchele wake. Menza akacheka, kisha akaona uso wa mama.

“Na kama mmeokota namba yake tu mahali?” akauliza Menza.

“Sisi hatuokoti,” karani alisema. “Kila aliyeandikwa Jumanne alifika, akaonyesha kitambulisho, akaweka kidole.”

Mama Dan alishika ukingo wa meza. “Kidole chake?”

“Kidole, mama. Kiko hapa.”

Alimwambia Menza akimbie, ampigie Charity, amwambie sufuria zirudishwe kwa wenyewe. Amwambie pia asimjibu kitu yule mtu wa Bura. Menza akatoka na simu sikioni.

Karani alifungua faili, akalamba kidole, akapekua. Akaigeuza ile karatasi upande wa mama.

Jina lilikuwepo, Dan Buya, na pembeni yake alama ya wino wa zambarau. Katikati ya alama ulipita mstari mweupe, mnyoofu, kama uliokatwa kwa mundu. Jina lililofuata chini lilikuwa Elsie Buya, la Mama Dan mwenyewe. Na alama pembeni yake ilikuwa ile ile, na mstari ule ule.

“Ndiye, mama?”

Mama Dan alikikunja kidole gumba, kilichopokea vyandarua viwili Jumanne, ndani ya ngumi, akaifunika ngumi kwa leso.

“Jina,” alisema, akimjibu Dan.