Moto wa Kuomba kwa Fisi

Wanyama wa Bonde la Mkuyuni, enzi hizo, waliomba moto kwa Fisi, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi walipanga foleni na vigae vyao, na hakuna aliyepewa kaa la moto bila kuacha paja la nyama.

Nguchiro alichoshwa na foleni hiyo. Akamwendea Chifu Kiboko. "Mzee, jioni tukiufukia moto kwenye jivu, asubuhi tutaukuta hai."

"Suala la moto si jepesi hivyo," Kiboko alijibu. "Nimeshaunda kamati."

Kamati ilikaa masika mawili ikila posho ya mihogo. Siku ya kuzindua Mpango wa Kujitegemea kwa Moto, wapishi walikosa cha kuwashia jiko, wajumbe wakatumwa kwa Fisi. Walirudi na vigae vitupu. Mvua ilikuwa imeuzima moto wa Fisi, na Fisi mwenyewe aliwafuata nyuma na kigae chake.

Ikabidi wote waende kwa Nguchiro. Akafukua jivu, makaa yakang'aa, akamgawia kila mmoja bila kudai hata mfupa.

Kiboko akakohoa kikubwa. "Basi tatizo limekwisha. Tutakuwa tunachukua moto hapa kwako."

"Na jivu la kwako, Mzee, unalipeleka wapi?"

"Tunalimwaga mtoni. Lakini usijali, nitaliundia kamati."

Kesho yake Nguchiro aliamshwa na foleni mlangoni. Wa kwanza, kigae mkononi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jivu.