Shingo ya Opondo

Opondo alirudi nyumbani kwake Milimani kutoka gofu shingo imekaza. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama trekta la miwa. Marafiki ndio waliomburuta akacheze, maana tangu amzike mkewe alikuwa amejifungia ndani.

Aliketi kwenye stuli, akainamisha kichwa, na kwa mazoea akaita, "Mama Debra, leta taulo."

Alipogundua alichosema, machozi yalikuwa tayari yako kidevuni.

Kisha taulo ya moto ikatua shingoni, na vidole vikaanza kukanda palepale panapouma.

"Mzee, leo ulipiga mpira ama ulipiga nyasi?"

Utani wa mkewe, na sauti ya mkewe. Lakini alijua ni Debra, binti yao.

Hakugeuka. Alishukuru kwamba shingo ilikataa.