Kona Ishirini na Moja

Mngurumo ulisikika kwanza nyuma ya ghala la kahawa, mabati yakatetemeka, ndipo gari jekundu la Nasoro likajitokeza.

"Hilo linafika mia mbili na sitini kwa saa!" watu walishangilia. "Kibwana, hako kagari kako je?"

"Mia na sitini," Kibwana alijibu kifua mbele. "Lakini njia ya mlimani ina kona ishirini na moja. Zihesabuni."

Desturi ya mji ule, dereva wa mashindano hupanda na mama yake. Bi Tabia, mama yake Kibwana, alijifunga mkanda kando ya mwanawe. Walikwisha kubaliana: Kibwana akishindwa, gari linarudi kwa mjomba aliyempa na mbio zinakoma; akishinda, ataenda kwenye mashindano makubwa.

Bendera iliposhushwa, Nasoro alichomoka.

"Huyoo, katuacha!"

"Mwache, mama."

Kwenye kona ya kwanza taa za breki za Nasoro ziliwaka, zikakataa kuzima. Kibwana aligusa breki kidogo tu, akakata usukani, akapita kwa ndani. Dirishani mwa gari jekundu mama mwingine alikuwa akipiga kelele, "Punguza, utaniua!"

Walifika kileleni, mwisho wa mbio, peke yao.

"Mshale wa mwendo haukupita tisini," Bi Tabia alisema. "Sikuuondolea macho."

"Tisini zimetosha."

Mama hakushuka. "Kwenye mashindano makubwa huko mbali, sitakuwa kando yako."

Kibwana alizima injini, akamgeukia.

"Nakuahidi, mama. Sitaingia kona yoyote kabla ya kujua nitatoka vipi."