Msumari wa Koti

Kabwe alikaa kitandani amevaa koti, begi lake lililofungwa likiwa miguuni pake. Mkewe, Sikudhani, alikuwa ametoka asubuhi kwenda mahakamani kusikiliza hukumu ya kesi yao. Mwanamume wa nchi ile akioa mgeni, mke hupewa uraia bila maneno mengi. Mwanamke akiolewa na mgeni, mume hubaki mgeni, na akiambiwa aondoke, lazima aondoke. Kabwe alikuwa ameambiwa: mwisho leo.

Mlango ulisukumwa. Sikudhani aliingia anahema, akatia komeo, akachukua nyundo na msumari chini ya meza.

"Baba Tunu, tumeshinda! Jaji kasema sheria haina ruhusa ya kuwabagua mke na mume. Haya, tundika koti lako."

Kuta za chumba zilikuwa tupu. Miaka yote Kabwe alikataa kupigilia hata msumari mmoja. "Sitoboi ukuta wa watu," alikuwa akisema, na mkewe akinuna siku nzima.

"Na askari, wamesikia?"

"Imesomwa hadharani. Wasisikie wana nini?"

Kabwe alivua koti, akauweka msumari ukutani. Nje, viatu vizito vilikoma mlangoni.

"Fungueni! Tumemfuata yule mgeni."

Sikudhani aliuegemea mlango kwa mgongo wake wote.

"Mgeni hayupo," alijibu kwa sauti. "Yupo mwenye nyumba, anapigilia msumari. Subirini."

Alimtazama mumewe. Komeo lilitikiswa mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi.

Kabwe aliugeukia ukuta, akainua nyundo, akapiga.