Chatu Aliyesusa Kuku

Kwa jina la Mgawa riziki naanza.

Siti, mjane, aliketi na mwanawe mapajani. Shemejiye, Makame, alisimama na panga mbele ya tenga la Sultani, chatu aliyeachwa na marehemu.

"Shemeji, nyoka anayesusa kuku anamtamani mtoto. Leo namkata."

"Mwache! Sultani amefiwa kama mimi."

"Tangu lini chatu akakaa eda?"

Akafunua tenga, akamsukuma chatu kwa ubapa wa panga. Mara panga likamponyoka. Chini ya tumbo la Sultani yalijaa mayai, na moja lilikuwa likichanika.

"Subhanallah! Kumbe jike!"

Pua ndogo ikachomoza, kisha ya pili. Siti akamkumbatia mwanawe, wala hakurudi nyuma.

Ewe Mola, warehemu waliobaki nyumbani mle, wenye miguu na wasio nayo.