Tone Moja

"Hii bastola au chapati?" Mzee Shekue, fundi wa silaha, aliuliza huku mafuta ya nazi yaliyojaa kwenye bastola yakimchuruzika vidoleni.

"Jana ilipiga risasi moja, ikakwama," alisema Tausi, mlinzi wa ghala la korosho. "Na majambazi wameapa kurudi leo."

"Vipande vya bastola ndogo vimebanana, mwanangu. Mafuta mengi hushika vumbi, yakawa uji, chuma kisiteleze."

Alifuta kila kipande mpaka kikakauka. Kwa njiti ya kiberiti akatia tone moja tu kila upande, akavuta chuma cha juu, akakiachia. Kilirudi bila kusita.

Tausi alipokea bastola, akaondoka mbio.

Adhuhuri mlio mmoja ulisikika upande wa ghala. Mzee Shekue alisimama, kitambaa mkononi, akisubiri wa pili.