Sahani ya Baba Mbonea

Tangu kila nyumba ya milima ya Usangi iandikishwe kuwa kivutio cha watalii, maji ya bomba yalikuwa yakifuata wageni: nyumba yenye wageni wengi ndiyo iliyopata maji. Kwa Namsifu yalitiririka kutwa. Kila adhuhuri mjane yule alipakua makande, akaiweka sahani mbele ya kiti cha marehemu mumewe, akaifunika kawa na kusema, "Karibu chakula, mume wangu." Watalii walilia kama wamefiwa wao.

Jirani yake Naetwe alichungulia kwa wivu juu ya ua, ndoo tupu mkononi. Mnafiki mkubwa! Marehemu alipokuwa hai, si alikuwa akilala njaa? Kivutio cha Naetwe kilikuwa kinu cha bibi yake, na mgeni wa mwisho aliulizia njia ya kwenda kwa Namsifu.

Akarudi ndani. Akapakua makande, akayafunika, akaketi mbele ya kiti cha mumewe.

"Karibu chakula, Baba Mbonea."

"Ahsante, Mama Mbonea," mumewe alijibu kutoka mlangoni, jembe begani. "Ngoja ninawe."

"Usikae hapo!" Naetwe alisema bila kugeuka. "Nyamaza kidogo. Machozi ndiyo yanaanza kuja."